Shajara ya mradi: injini ya 1NZ iliyokatwa dirisha na modeli ya plastiki, meza moja, Nyakato

8 Machi 2025: Tunachotaka

Kila mwaka gereji yetu hapa Nyakato, Mwanza, inapokea vijana wa kujifunza kazi. Wanafika wakijua kulegeza nati, lakini pistoni ikitembea hawajawahi kuiona. Unamweleza mipigo minne (kuvuta hewa, kuibana, kuwaka, kutoa moshi) kwa mdomo, anaitikia vizuri kabisa. Kesho yake ukimuuliza valvu ya ekzosi inafunguka lini, anatazama dari.

Kwa hiyo tunatengeneza meza moja ya vitu viwili. Kushoto kutakuwa na modeli ya plastiki ya kuunganisha, silinda nne, ukuta unaoonyesha ndani, mota ndogo ya kuizungusha na vitaa vyekundu mahali pa plagi. Kulia kutakuwa na injini yenyewe, 1NZ-FE ya Toyota iliyokatwa dirisha ubavuni, inayozunguka kwa mwendo uleule. Kijana aangalie hii, ageuke aangalie ile. Swali tumeshaliandika ubaoni: modeli inasema kweli wapi, na inadanganya wapi?

1NZ tumeichagua kwa sababu ndiyo inayopita getini kutwa: IST, Probox, Raum, Spacio, Premio za 1.5. Cc 1497, silinda kipenyo milimita 75, pistoni inasafiri milimita 84.7, valvu 16, kamshafti (shafti za kufungua valvu) mbili juu, na cheni ya taiming badala ya belti.

Modeli imetugharimu shilingi 96,000, usafiri na ushuru 38,000. Boksi limeandikwa kipimo cha 1:4.

15 Machi: Injini ya skrepa imefika

Imetoka Sengerema, ikavuka kwa kivuko cha Kamanga mgongoni mwa kirikuu. Injini 170,000, usafiri 35,000. Muuzaji alituambia "imenoki kidogo tu". Injini hainoki kidogo.

Tulipofungua sampu, lile karai la oili chini ya injini, tukakuta oili imeganda kama ugali wa jana. Chujio la kunyonyea limezibwa karibu lote. Bigendi (beringi ya chini) ya silinda namba 3 imezunguka ndani ya konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na kranki; shingo ya kranki pale imegeuka rangi ya bluu kwa joto. Zile tatu nyingine zina mikwaruzo ya kawaida. Kwa gari ya barabarani kranki hii ingepelekwa kusagwa au kutupwa. Kwa maonyesho, tumetoa vipande vya beringi iliyoharibika, tumesugua shingo kwa msasa mpaka konrodi ikazunguka bila kukwama, basi. Beringi mpya hapo hatukuweka. (Uamuzi huo umekuja kutusaidia baadaye, tazama Juni.)

Unayetaka kuiga: usilipie bei ya injini nzima. Tafuta iliyokufa, ila hakikisha hedi haijapasuka na kranki haijapinda, la sivyo haitazunguka hata kwa maombi.

22 Machi: Venia juu ya plastiki

Kabla ya kuunganisha tumepima kwa venia, kile kipimo cha milimita, kila kipande cha modeli na mwenzake wa chuma. Hapa ndipo 1:4 ya kwenye boksi ilipoanza kuyumba.

Ingekuwa 1NZ imepunguzwa mara nne kwa haki, silinda ingekuwa milimita 18.75 na mwendo wa pistoni milimita 21.2. Modeli ina silinda ya milimita 20 na mwendo wa 16. Maana yake kwa upana ni karibu 1:3.75, na kwa mwendo ni 1:5.3. Tabia yenyewe imegeuka: pistoni ya 1NZ inasafiri mbali kuliko upana wa silinda yake, ya modeli inasafiri kidogo kuliko upana wake. Tusiwalaumu sana, maana boksi halikudai kuwa ni 1NZ. Ni injini ya silinda nne isiyo na jina. Lakini ukimwonyesha kijana mwambie, asije akadhani injini zote zina umbo hilo.

Jambo la pili ni ujazo. Ukigawa urefu kwa 4, eneo linagawanyika kwa 16 na ujazo kwa 64. Kwa hiyo cc 1497 zingebaki kama 23. Ya kwetu, kwa hesabu ya vipimo vyake, ina kama 20. Vijana walikataa kuamini mpaka tulipomwaga maji kwa bomba la sindano ndani ya silinda ya plastiki: cc 5 ikajaa. Hapohapo likaja swali kwa nini injini ndogo za kweli, zile za ndege na magari ya kuchezea yanayotumia mafuta, hazina plagi ya cheche kama ya kwetu. Ni kwa sababu hiyohiyo ya eneo na ujazo. Ukipunguza mara nne, eneo la kupotezea joto linakuwa kubwa mara nne kulinganisha na ujazo unaolizalisha. Moto mdogo umezungukwa na ukuta mwingi. Ndiyo maana nyingi kati ya hizo zinatumia plagi yenye waya unaobaki umeiva, mafuta yake ni methanoli, na oili inachanganywa humohumo.

Jambo la tatu ni unene. Shina la valvu ya 1NZ ni milimita 5, mara nne pungufu ingekuwa 1.25. Plastiki ya unene huo ingevunjika ukiitazama tu, kwa hiyo wameweka 3. Ringi, zile pete za kuziba pistoni, hazipo kabisa. Pistoni imechorwa mistari.

5 Aprili: Kuunganisha modeli

Kazi yenyewe ni ya mchana mmoja ukifuata karatasi. Nitaandika yale tu ambayo karatasi haisemi.

Skrubu zinajikatia zenyewe njia kwenye plastiki. Ukifungua na kufunga tena, usisukume moja kwa moja: zungusha kinyume kwanza mpaka usikie imedondoka kwenye njia yake ya zamani, ndipo ukaze. Matundu mawili yalikuwa yameshalegea kutoka kiwandani. Tuliyajaza kwa vinyuzi vya plastiki iliyobaki kwenye fremu, tukachoma skrubu upya.

Supaglu isiguse ukuta unaoonyesha. Mvuke wake unaacha ukungu mweupe, na upande mmoja wa bloku yetu ukawa haufai kutazamwa. Tulisugua kwa dawa ya meno na kitambaa laini mpaka ukarudi, si wote. Kwa vipande vinavyoonyesha tumia gundi nyeupe ya maji.

La tatu ndilo baya. Kijana mmoja, kwa nia njema ya fundi, aliipaka modeli oili ya injini kwenye shingo za kranki ili iteleze. Baada ya siku chache nyufa nyembamba zikaanza kutambaa kuanzia kwenye matundu ya skrubu. Plastiki hii haipatani na oili ya injini, hasa pale ilipobanwa. Tumeosha kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, tukapaka grisi ya silikoni (8,000), nyufa zimesimama. Inachekesha kidogo, injini isiyotakiwa kuguswa na oili.

27 Aprili: Dirisha

Tulianza na grainda. Bloku ya 1NZ ni aluminiamu yenye slivu za chuma ndani, na aluminiamu inaujaza mdomo wa disiki: inayeyuka, inaganda, disiki inaacha kukata na kuanza kupiga kelele. Disiki ya namna hiyo inaweza kupasuka usoni kwako. Tuliacha.

Kilichofanya kazi ni drili. Tulichora dirisha kwa chaki upande wa silinda namba 1, tukatoboa matundu yaliyofuatana kwenye mstari, tukamalizia kwa msumeno wa meno makubwa uliopakwa sabuni ya mche, kisha tupa. Tulipofika kwenye slivu, hapo ndipo grainda ilipopata haki yake, maana ni chuma. Disiki na nyembe za msumeno zimekula 14,000.

Kabla hujakata, ingiza waya kwenye njia kuu ya oili ujue inapita upande gani, ukate upande mwingine. Sisi tulifanya hivyo, na bila hivyo kazi ya Juni isingewezekana.

Tatizo likaja baada ya kukata. Tulipozungusha kranki kwa mkono, pistoni ilipanda vizuri, ilipofika dirishani ikasema "ta!" Ringi ya juu ilikuwa imetanuka ikaingia dirishani, ukingo ukaikata. Ringi inasukuma nje muda wote, na tumeiondolea ukuta. Tumechukua ringi kutoka pistoni nyingine, tumelaza kingo za dirisha kwa tupa mpaka kidole kikipita hakikwami, na mwanya wa ringi tumeugeuzia upande wa mbali na dirisha. Haijakatika tena. Kijana aliyeuliza ringi inafanya kazi gani alipata jibu bila mimi kufungua mdomo.

Stendi ya kuchomelea 45,000, rangi 12,000.

17 Mei: Zinazunguka pamoja, moja kinyumenyume

Injini ya chuma inazungushwa na mota ya waipa ya volti 12 (25,000) na chaja ya kuilisha (15,000). Plagi zote zimetolewa ili kusiwe na kompresheni, lakini hata hivyo mota ilikuwa inasimama kila kamshafti ilipokutana na springi za valvu. Tukaweka sproketi za bodaboda zilizotumika na cheni yake (18,000), meno 14 kwenye mota na 42 kwenye kranki. Nguvu mara tatu, mwendo theluthi: kama mizunguko 15 kwa dakika. Hapo unaona kila kitu.

Modeli ilitakiwa ishuke kwenye mwendo huohuo. Kuipunguzia betri hakukusaidia, ilikuwa inasimama njiani. Kilichosaidia ni kifaa cha kupunguza mwendo wa mota (9,000), kile kinachokata umeme vipandevipande badala ya kushusha volti. Mota inapigwa kwa nguvu yake yote, ila kidogokidogo.

Tukawasha zote. Pistoni zinapanda na kushuka, valvu zinabonyea, taa zinawaka. Kila aliyepita alisifu. Kijana mmoja, mzaliwa wa Kirumba, alikaa pale muda mrefu kisha akaniita.

"Fundi, hii ya plastiki inawaka 1-2-4-3."

1NZ inawaka 1-3-4-2, na karatasi ya modeli nayo inasema 1-3-4-2. Tukachunguza kamshafti, imefungwa sawa. Belti ipo kwenye alama. Ikabaki waya: karatasi haisemi waya upi wa mota uende wapi, na modeli ilikuwa inazunguka kinyume.

Sasa hapa msomaji tulia, ndipo utamu ulipo. Kwa nini hakuna aliyeona? Kwa sababu injini ya mipigo minne ikizungushwa kinyume bado inaonekana kama injini. Kranki ya silinda nne ina pistoni 1 na 4 zinazopanda pamoja, 2 na 3 pamoja, kwa hiyo kwa macho kranki haina mbele wala nyuma. Taa nayo inaendelea kuwaka pistoni ikiwa juu na valvu zote zimefungwa, maana kugeuza mwendo kunabadilishana tu kompresheni na mpigo wa nguvu. Kinachoharibika ni pumzi. Ukifuata silinda moja utaona pistoni inashuka huku valvu ya ekzosi iko wazi, na inapanda huku ya inleti iko wazi. Injini inavuta moshi na kutapika hewa safi.

Jinsi ya kupima ya kwako: usihesabu taa. Shika silinda namba 1, subiri pistoni ishuke na valvu moja iko wazi, kisha fuata bomba la valvu hiyo kwa kidole. Likikupeleka kwenye ekzosi, badilisha waya.

Yule kijana hakutosheka. Akasema mashine ya mtumbwi ya mipigo miwili, zile za kule Mwaloni, yeye aliwahi kusikia inaweza kuzunguka kinyume na ikaendelea kunguruma. Ni kweli kwamba inawezekana. Mashine hiyo haina valvu za kamshafti. Matundu yako kwenye ukuta wa silinda, pistoni inayafungua ikishuka na kuyafunga ikipanda, na umbali ni uleule ukienda huku au kule. Haijui mbele ni wapi. Ya mipigo minne inajua, na kinachoijulisha ni kamshafti inayozunguka mara moja kranki ikizunguka mara mbili. Siku ile sikuwa nimepanga kufundisha kamshafti.

Tofauti nyingine tulizoziona zikiwa pembeni kwa pembeni. Modeli inawasha taa pistoni ikiwa juu kabisa, 1NZ ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta) cheche inatoka digrii takriban 10 kabla. Valvu za modeli zinafunguka na kufunga pistoni ikiwa kwenye ncha, za kweli zinawahi na kuchelewa, na kuna muda inleti na ekzosi ziko wazi kwa pamoja. Modeli ina distributa (kigawa cheche kimoja kwa plagi zote) na belti, kwa hiyo kwa mambo hayo iko karibu zaidi na 5A-FE ya Corolla za zamani kuliko 1NZ, ambayo kila plagi ina koili yake.

7 Juni: Oili

Injini yetu ilikufa kwa oili, na modeli haina oili. Haina pampu, haina njia, kranki yake haijatobolewa. Kati ya uongo wote wa modeli, huu ndio mkubwa kwa fundi, kwa sababu hapa gereji injini nyingi zinazotufikia zimekufa pale ambapo modeli haionyeshi kitu.

Tulijaribu kuiongezea. Tulitoboa vitundu vya milimita 1 kwenye viti vya kranki ya plastiki, tukaunganisha mirija ya dripu kutoka duka la dawa na chupa ya maji yenye rangi ya chakula iliyotundikwa juu (6,000 vyote). Ilishindikana vibaya. Maji yalimwagika kwenye kiti cha kwanza, viti vingine havikuona hata tone. Fila geji, vile vibamba vya kupimia mapengo, ikaeleza: pengo kati ya kranki na kiti ni karibu milimita 0.4. Kwenye injini ya kweli beringi ina pengo la milimita 0.02 hadi 0.04 hivi. Mtiririko kwenye pengo jembamba hauongezeki sawa na pengo, unaongezeka kwa mchemraba wake. Pengo mara mbili, oili inayotoroka mara nane. Pengo mara kumi, mara elfu moja, na bado maji ni mepesi kuliko oili. Tulizungushia selotepu kwenye shingo za kranki na kweli uvujaji ulipungua, lakini mota ikashindwa kuzungusha.

Tumeiacha. Kwenye modeli tumechora njia ya oili kwa kalamu nyekundu juu ya ukuta unaoonyesha. Oili yenyewe tumeihamishia kwenye injini ya chuma.

Pampu ya injini kwa mizunguko 15 haisukumi kitu, kwa hiyo tuliazima bomba la mgongoni la kupulizia pamba, likaoshwa, likajazwa oili nyepesi iliyoachwa juani. Mpira wake tumeufunga kwenye tundu la swichi ya oili, ambalo lina nyuzi za bomba za inchi 1/8, pamoja na geji kwenye kiungo cha T. Sampu imetolewa, karai liko chini. Kijana anapampu, wengine wanachuchumaa na tochi.

Bigendi 1, 2 na 4 zinatoa matone, pole pole, pembeni mwa konrodi. Namba 3, ile isiyo na beringi, inamwaga mkondo mzima, na sindano ya geji inalala chini pampu utakavyo. Kisha tukaziba tundu la oili la shingo namba 3 kwa kipande cha mpira na klipu. Sindano ikanyanyuka, na zile bigendi tatu zikaanza kutoa oili kwa kasi ambayo hazikuwa nayo. Shingo moja isiyo na beringi ilikuwa inawanyima wenzake.

Vijana wameomba kulifungua tundu hilo na kuliziba tena na tena. Mwenye bomba naye amekuja kuuliza pamba yake atapulizia nini.

28 Juni: Hali ilivyo

Gharama mpaka leo ni 491,000, bila kuhesabu vifaa tulivyokuwa navyo wala bomba la kuazima. Kama huna nia ya kukata injini, modeli peke yake kwa 134,000 inatosha kufundisha mipigo, mpangilio wa kuwaka na uhusiano wa kranki na kamshafti. Kwa mambo ya oili, joto na ringi usiitegemee.

Matengenezo madogo: belti ya modeli ilianza kuruka meno joto lilipozidi mchana. Tumeibana kwa kigurudumu cha nailoni kilichoshikwa na skrubu moja, upande uliolegea.

Kilichobaki ni VVT-i. Kwenye kamshafti ya inleti ya 1NZ kuna kichwa kinachogeuza taiming kwa nguvu ya oili, kitu ambacho modeli haina hata cha kuchorea. Tumekitoa na kukijaribu mezani kwa hewa ya kompresa: tundu moja limezibwa kwa tepu, hewa imepelekwa kwenye lingine, pini ya ndani ikaachia na kichwa kikageuka kwa mkono. Bila hewa kimefungwa kabisa. Kwa sasa kinagoma mara moja moja, kuna uchafu uleule wa sampu ndani yake. Kimelowekwa kwenye dizeli. Kikiachia vizuri tutakata kifuniko chake na kukirudisha kwenye kamshafti, kisha tutakisukuma kwa oili ya bomba, bomba la kununua safari hii.